Mhariri, tuchapishieni saa za maji kujaa na kupwa

Ndugu Mhariri,

Msimu wa Sabasaba umekaribia na nyumba za Dar es Salaam zimeanza kutandika magodoro sebuleni. Shangazi atashuka kutoka Bukoba, wapwa watakuja kuangalia maonesho Barabara ya Kilwa, na ndugu wa Muscat au Birmingham watatua na masanduku yaliyozidi uzito. Kabla hawajafika naleta ombi moja kwa gazeti lako: kwenye ukurasa ule ule mnaoweka msimamo wa ligi, tuwekeeni kila siku saa za maji ya bahari kujaa na kupwa katika bandari ya Dar es Salaam.

Mtu anaweza kudhani ombi hili ni la wavuvi. Wavuvi hawalihitaji, wao wanayajua maji kama wanavyojua njia ya kwenda chooni usiku. Wanaolihitaji ni sisi tunaopokea wageni. Wenyeji wa jiji hili tunapanga matembezi kwa majina ya mahali: Jumamosi Coco, Jumapili kisiwani Mbudya, Jumatatu asubuhi Feri kununua samaki. Mahali hapana kosa. Kinachoharibika ni saa. Mgeni aliyeahidiwa bahari tangu Mbeya anafikishwa ufukwe wa Kunduchi anakuta tope, majani na mashua zimelala ubavu, maji yenyewe yamekwenda zake mbali yanang'aa kama bati. Inabidi aambiwe kwamba bahari ilikuwepo hapa asubuhi.

Kanuni ya jumla si ngumu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, hapa kwetu maji hujaa karibu saa 10, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa 4, asubuhi na usiku. Hizo ndizo siku za bamvua. Maji hupanda sana na kushuka sana, tofauti ikizidi mita 3, na kilele chenyewe huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kupevuka. Kila siku inayofuata nyakati husogea mbele kama dakika 50. Baada ya wiki moja mambo yamepinduka: maji yanajaa saa 4 asubuhi, yanapwa saa 10 jioni, lakini yanapanda kidogo na kushuka kidogo. Hayo ni maji mafu. Anayefuata tarehe za mwezi mwandamo ana jedwali mfukoni tayari: tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 ni bamvua, tarehe 8 na 22 hivi ni maji mafu.

Basi kwa nini tena tulitaabishe gazeti? Kwa sababu zile dakika 50 ni wastani tu. Siku za bamvua maji huchelewa pungufu ya hapo, siku za maji mafu huchelewa hata kupita saa nzima, na anayehesabu kwa vidole wiki mbili mfululizo atakosea kwa saa moja au mbili. Saa mbili baharini ni tofauti ya watoto kuogelea na watoto kukanyaga mawe. Makadirio sahihi yapo, hutolewa kwa mwaka mzima kwa ajili ya meli zinazoingia bandarini. Yangefika na kwetu tunaobeba chungu cha pilau.

Nianze na chakula, kwa kuwa wengi hawajui kwamba mwezi unaingia hadi jikoni.

Pweza wengi wa pwani hii huchokolewa na watu wanaotembea kwa miguu juu ya miamba maji yanapokupwa. Siku za maji mafu miamba haitoki vizuri, pweza wanakuwa wachache na bei inapanda. Siku za bamvua miamba iko wazi kwa saa kadhaa, na pweza wanajaa sokoni. Dagaa na vibua wana kalenda yao. Hao huvuliwa usiku kwa taa, na taa haina maana mbalamwezi ikiwaka, kwa hiyo wavuvi wengi wa taa hupumzika mwezi ukiwa mpevu. Mwenyeji anayetaka kumkaangia mgeni dagaa wabichi amwalike siku za giza. Anayetaka pweza wa nazi amwalike bamvua. Siku za mwezi kuandama anaweza kupata vyote viwili, na hapo ndipo nyumba yenye wageni wengi inapookoa fedha.

Kwenda Feri ya Magogoni, toka nyumbani saa 11 alfajiri. Ukitokea Mbezi, Tegeta au Gongo la Mboto utafika kabla foleni ya mjini haijakaza, na utakaporudi saa 2 utakuwa unakwenda kinyume na magari yote, barabara yako nyeupe. Mnada ni wa wachuuzi. Dalali anaita bei ya ndoo au fungu kubwa, na mwenye familia akijipenyeza atapandishiwa bei na kuondoka na samaki kuliko friji yake. Mambo ni mawili. Mchangie ndoo moja na jirani, au msubiri mchuuzi aliyenunua mnadani aweke mafungu yake mezani, dakika chache tu baadaye. Mpeleke mgeni auone mnada hata kama hamnunui. Jinsi dalali anavyokimbiza bei kwa mdomo mmoja huku macho yakisoma nyuso ishirini, hilo halipatikani kwenye duka lolote kubwa la Mlimani.

Samaki mbichi ana macho yaliyojaa na kung'aa, mashavu mekundu ukiyafunua, na minofu inayorudi ukiibonyeza kwa kidole. Usidanganyike na unyevu. Samaki aliyelala humwagiwa maji kila baada ya muda ili ang'ae, na harufu ndiyo itakayomsema. Kamba akianza kuwa mweusi kichwani mwache. Pweza mbichi ana rangi ya kijivu iliyochanganyika na udhurungi, na vikombe vya mikono yake bado vinang'ang'ania mkono. Akishateleza na kugeuka waridi kabla hajapikwa, amechoka.

Jodari na vibua wana hatari yao wenyewe, na hapa naomba tusikilizane. Samaki hawa wakikaa juani saa kadhaa baada ya kuvuliwa, ndani ya minofu yao huzaliwa sumu ambayo haifi kwa moto. Unaweza kuwakaanga hadi wakauke kama mbao, bado itakuwepo. Mlaji anawashwa mwili, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, wakati mwingine anatapika, yote ndani ya dakika chache au saa moja ya kula. Familia inahitimisha kwamba mgeni ana aleji ya samaki, na kuanzia siku hiyo anapikiwa maharage. Hana aleji. Alilishwa jodari aliyesafiri kwenye mfuko wa nailoni ndani ya gari lililosimama kwenye foleni. Nenda na ndoo yenye kifuniko, nunua barafu sokoni, uzito wake uwe sawa na wa samaki, tandika chini, katikati na juu. Wapara samaki wapo hapo hapo, watakutolea magamba na matumbo kwa dakika chache. Waombe wasafishie maji safi, na kama hakuna, malizia kuosha nyumbani.

Sasa pweza mwenyewe. Kwa watu 6 nunua kilo 2, kwa kuwa akiiva hupungua karibu nusu, na hapa ndipo wenyeji wengi wanapoaibika mezani. Geuza kichwa kama soksi, toa uchafu na kile kifuko cha wino, ng'oa mdomo mgumu ulio katikati ya mikono, toa macho. Msugue kwa chumvi ya mawe hadi kamasi liishe, kisha suuza mara tatu. Ugumu hutolewa kwa kumpiga, ndiyo maana wavuvi humbamiza kwenye jiwe, lakini anayeishi ghorofa ya nne Upanga hawezi kuwabamizia majirani pweza saa 3 asubuhi. Mgandishe usiku mzima. Barafu inakatakata nyuzi zake kwa ndani na kazi inakuwa ile ile.

Mweke kwenye sufuria na maji nusu kikombe tu, funika, moto mdogo. Atatoa maji yake mwenyewe, mekundu, na atachemka humo humo. Usitie chumvi, kwani ametoka nayo baharini, onja mwishoni. Dakika 45 hadi saa moja, kutegemea ukubwa. Kisu kikiingia bila kusukumwa pale mkono unapoungana na kichwa, ameiva. Kosa kubwa ni kumtoa dakika ya 20 kwa sababu amebadilika rangi, hapo ndipo anakuwa mpira wa baiskeli. Kosa la pili ni kumchemsha kwa moto wa kasi ili afidie muda: ngozi inachanika yote, ndani bado mgumu. Yale maji mekundu usiyamwage. Ni supu, iongezee ndimu na pilipili manga. Wajomba watasema mengi kuhusu nguvu za supu hiyo. Waache waseme.

Kwa mchuzi, kaanga vitunguu maji 2 hadi viwe laini, tia kitunguu saumu na tangawizi vilivyopondwa, nyanya 3, bizari kijiko 1 cha chai. Mafuta yakijitenga tia tui jepesi vikombe 2 na pweza uliyemkatakata, chemsha dakika 10. Ndipo utie tui zito kikombe 1, koroga bila kuacha hadi lianze kutokota mara ya kwanza, epua. Ndimu ikamuliwe baada ya kuepua. Ndimu ikikutana na tui linalochemka, tui linakatika, mchuzi unakuwa maji chini na madonge juu, na hakuna kijiko kitakachourudisha.

Mambo ya nazi yanaanzia sokoni. Itikise: ukisikia maji yanacheza ndani ni nzuri, ikiwa kimya imeoza au imekuwa mbata. Angalia macho yake matatu, yawe makavu bila ukungu. Muuzaji mwenye haraka atakuchanganyia koroma, ambayo nyama yake ni laini na tui lake halina mafuta. Ukiikuna, ishia kwenye sehemu nyeupe tu. Mbuzi ikishagusa ganda la kahawia tui linakuwa la kijivu na uchungu kwa mbali. Nazi 1 na maji ya vuguvugu nusu kikombe hutoa tui zito karibu kikombe 1. Mkamuo wa pili na wa tatu ndio tui jepesi.

Wali wa kilo 1 ya mchele, unaotosha hao watu 6 na sahani ya mlinzi, unataka nazi 2. Chemsha tui jepesi vikombe 6 pamoja na chumvi huku ukikoroga, tia mchele uliooshwa, acha wazi hadi maji yakaribie kukauka juu. Mimina tui zito kikombe 1, geuza mara moja, funika, punguza moto mpaka uwe wa kuhisi tu, au palia makaa juu ya mfuniko kama una jiko la mkaa. Dakika 15 hadi 20. Mchele mpya wa Kyela hunywa maji machache kuliko wa zamani, kwa hiyo punguza nusu kikombe, ama utapika bokoboko ambalo hukulikusudia. Ukiambiwa wali umeungua kidogo chini, usiombe radhi. Ukoko ndio unaogombewa.

Narudi kwenye bahari. Coco Beach ni pahali pa jioni na kila mtu anajua, lakini jioni hazifanani. Siku za bamvua, saa 10 hadi 11 jioni maji yamejaa hadi juu na mchanga umebaki ukanda mwembamba. Ni wakati mzuri wa kukaa ukutani, kula mihogo na kutazama, na ni wakati mbaya kwa mtoto asiyejua kuogelea, kwa sababu mawimbi yanapiga kwenye mawe. Siku za maji mafu, saa hiyo hiyo maji yako chini kidogo, miamba imechomoza, vidimbwi vimebaki katikati ya mawe. Hapo mtoto anaweza kuona kaa na vijisamaki, akiwa amevaa viatu vya kuziba, maana wamo wale viumbe weusi wenye miiba kama nungunungu, na mwiba wake ukikatikia unyayoni likizo imekwisha.

Maji yanapotoka hayatoki kwa mwendo mmoja. Chukua siku ambayo tofauti ya kujaa na kupwa ni mita 3.6. Saa ya kwanza baada ya kujaa yanashuka kama sentimita 30, saa ya pili 60, saa ya tatu na ya nne 90 kila moja, kisha 60, kisha 30. Hizo saa mbili za katikati ndizo zenye mkondo unaovuta watu. Kwa siku ya bamvua iliyojaa saa 10 jioni, hatari inakuwa kati ya saa 12 na saa 2 usiku, giza likiwa linaingia na vijana wakiwa wanajirusha kwa mara ya mwisho "tu". Kisanduku kidogo gazetini kingemwezesha mzazi kusema, saa 11 na nusu wote nje.

Mihogo ya Coco ichagueni ikiwa inatoka kwenye mafuta, mishkaki ikiwa inatoka motoni. Kachumbari inayoambatana nayo ndiyo yenye mashaka, kwa kuwa hakuna anayejua imeoshwa kwa maji gani. Mgeni wa siku ya kwanza ale mihogo kwa ndimu na pilipili ya unga. Urojo nao uwe unatoa mvuke. Rojo likipoa, likikaa na bhajia zake tangu saa 9, limeshakuwa jambo jingine. Dafu halina shida kamwe, mradi lifunguliwe mbele yako na bomba liwe jipya.

Visiwa vya Bongoyo na Mbudya viko ndani ya hifadhi ya bahari. Kwenda Bongoyo boti huondokea upande wa Slipway pale Msasani, mwendo wa nusu saa hivi. Mbudya ni karibu zaidi, ukitokea hoteli za ufukwe wa Kunduchi. Kuna ada ya hifadhi mbali na nauli ya boti, na asiye raia hulipa zaidi, kwa hiyo beba vitambulisho. Ndugu aliyechukua pasi ya nje hushangaa sana hapo, aelezwe mapema akiwa bado nyumbani. Kila mtu avae jaketi la kuokoa maisha kabla boti haijasukumwa. Lililofungwa chini ya benchi halijawahi kumwokoa mtu.

Julai ni msimu wa upepo wa kusi. Asubuhi bahari imelala, lakini kuanzia saa 5 au 6 upepo unaamka, na mchana mawimbi yanarusha maji ndani ya boti. Ondokeni saa 2 au 3, rudini kabla ya saa 9. Ikiwa hiyo ni siku ya bamvua, maji yatakuwa yamekupwa karibu saa 4, mtashukia mbali na mchanga na kuvuka kwa miguu, basi wazee wavae viatu visivyochomoka. Ikiwa ni siku ya maji mafu, mtafika maji yakiwa yamejaa, na asubuhi yote ni ya kuogelea. Kwa wenye watoto wadogo, siku bora ya kisiwani Julai ni ya maji mafu, ingawa wengi huchagua Jumapili yoyote ile. Mkishuka tu, agizeni samaki kabla hata ya kutandika khanga. Huchomwa kwa mkaa, kwa foleni, na saa moja na nusu ni kawaida. Anayesubiri njaa ndipo aagize atakula wakati boti inapiga honi. Maji ya kunywa bebeni, lita 2 kwa kila mtu. Upepo wa kusi unaficha jua, mgeni wa Njombe hahisi anaungua mpaka usiku.

Mvua kubwa ikinyesha, kama ilivyo masika ya Machi hadi Mei, msimwogeshe mtu karibu na mdomo wa Mto Msimbazi, eneo la Daraja la Salender na fukwe za Upanga, kwa siku mbili tatu. Mto huo hupita katikati ya jiji na huleta kila kilichomo njiani. Pitieni juu ya Daraja la Tanzanite jioni, mwone bahari kwa macho, inatosha.

Saa 6 hadi saa 9 mchana ni za kivuli. Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, yana habari za Zinjanthropus aliyegunduliwa Olduvai mwaka 1959 na magari ya zamani ya viongozi, na Bustani ya Mimea iko jirani. Kijiji cha Makumbusho, Barabara ya Bagamoyo, kina nyumba za makabila mbalimbali kwa ukubwa wake halisi, na kinawafaa wazee kuliko vijana wanavyodhani. Mpeleke bibi wa Kihaya mbele ya msonge, kisha kaa pembeni umsikilize akiwakosoa mafundi. Maonesho yenyewe ya Sabasaba nendeni siku ya kazi, asubuhi, na mkubaliane mahali pa kukutana kabla ya kuingia getini, kwa kuwa ndani mtu akipotea simu haisaidii sana. Bagamoyo na magofu ya Kaole ni siku nzima, kilomita 70 hivi kwenda, na pale pia bahari inahusika: bandari ya kale ya Kaole ilizibwa na mikoko, na maji yakikupwa mgeni anaelewa mara moja bila kuelezwa kwa nini jahazi halifiki tena.

Tumbo la mgeni huharibika mara nyingi bila sumu yoyote. Mtu aliyezoea ndizi na maharage ya Bukoba analishwa siku moja vitumbua, mchuzi wa nazi, mihogo ya mafuta, urojo na biriani, kwa upendo. Siku ya kwanza apewe wali mweupe na samaki wa kuchoma, nazi ianze siku ya pili. Akiharisha, chemsha maji lita 1, yakipoa tia sukari vijiko 6 vya chai vilivyosawazishwa na chumvi nusu kijiko cha chai, anywe kidogo kidogo. Chumvi ikizidi inadhuru, kwa hiyo pima, usikadirie. Akiwa na damu kwenye choo au homa kali, zahanati.

Na chandarua. Wageni wa nyanda za baridi, Makete au Lushoto, na waliokulia Ulaya, hawana hata ile kinga kidogo tuliyonayo sisi tunaoumwa na mbu kila usiku. Malaria huchukua kama wiki moja au zaidi kujitokeza, kwa hiyo homa inaweza kumpata akiwa amesharudi kwao. Mwambieni wakati wa kuagana, homa ikija, hata baada ya miezi kadhaa, aseme kwa daktari kwamba alilala Dar es Salaam.

Sasa kisanduku chenyewe, Mhariri. Upana wa safu moja unatosha. Nyakati nne za siku, mbili za kujaa na mbili za kupwa, kina cha kila wakati kwa mita, umbo la mwezi, na saa za jua kuchomoza na kuzama. Andikeni kwa saa za Kiswahili, msituletee saa 16:10. Mtakaponukuu jedwali la bandari, angalieni kama limeandikwa kwa saa zetu za Afrika Mashariki au zile za kimataifa zilizo nyuma yetu kwa saa 3, kwani kosa hilo litawapeleka watu matopeni kwa mamia. Na msiweke ya leo peke yake. Gazeti hufika Bunju na Mbagala saa 3 asubuhi, mnada wa Feri umeshakwisha na boti ya kwanza imeshaondoka, kwa hiyo ya kesho ndiyo tunayoihitaji zaidi. Toleo la Ijumaa libebe wiki nzima, maana safari nyingi za wageni hupangwa Ijumaa usiku, watu wakiwa wameshakula.

Msomaji wako,
Msasani, Dar es Salaam